Kiporo Kimechemka, Mbona Tumbo Limechafuka?

SWALI: Wali wa mchana ulibaki, ukakaa jikoni kwenye sufuria iliyofunikwa mpaka saa tatu usiku. Niliupasha mpaka ukatoa mvuke, tukala. Saa saba usiku watatu kati yetu tukaanza kutapika. Mume wangu analaumu kuku tuliyemla siku hiyohiyo mchana. Kiporo kilichopashwa vizuri kinaweza kudhuru?

JIBU: Kinaweza, na saa ndizo zinazokitaja. Kutapika kwa ghafla ndani ya saa 1 hadi 6 baada ya kula, bila homa, mara nyingi ni kazi ya sumu iliyokuwa tayari ndani ya chakula. Kwenye wali, mshukiwa wa kwanza ni bakteria aitwaye Bacillus cereus. Mbegu zake huhimili kuchemshwa. Sufuria ikipoa polepole huchipua, bakteria huzaliana na kuacha sumu ambayo moto wa jiko hauiharibu. Ulipopasha uliua bakteria, sumu ukaiacha. Staphylococcus aureus, anayetoka puani au kwenye kidole chenye jipu, hufanya vivyo hivyo.

Kuku asiyeiva huja kwa sura nyingine: homa, msokoto wa tumbo na kuhara. Salmonella huchukua saa 6 hadi siku 6, Campylobacter kwa kawaida siku 2 hadi 5. Ndiyo maana chakula cha mwisho hulaumiwa bure mara nyingi. Mkihara na kusokotwa tumbo saa 6 hadi 24 baada ya kula mchuzi wa nyama uliopoa kwenye sufuria kubwa, bila kutapika sana, fikirieni Clostridium perfringens.

Kinga ya kiporo ni kukipoza haraka. Bakteria hustawi kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, na sufuria iliyojaa hukaa humo kwa saa nyingi. Tandaza wali kwenye sinia, kina kisizidi sentimita 5, kisha uingize kwenye friji ndani ya saa 2. Joto la hewa likizidi nyuzi 32, ndani ya saa 1. Hauhitaji kupoa kabisa kwanza. Ule ndani ya siku moja, na usiupashe mara mbili.

SWALI: Mwanangu wa miaka 3 anahara tangu jana. Nimpe dawa ya kufunga choo?

JIBU: Hapana. Kinachomhatarisha ni kupungukiwa maji, na dawa hiyo haiyarudishi. Mpe ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, pakiti moja kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake. Ukiikosa, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, visiwe vya kujaa kilima. Chumvi ikizidi humdhuru, basi usikadirie kwa macho. Kwa umri wake ni mililita 100 hadi 200 kila baada ya kuhara. Akitapika, subiri dakika 10, uendelee kwa kijiko kimoja kimoja. Aendelee kula, na umwongezee zinki miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14.

Mpeleke hospitali mara moja ukiona damu kwenye choo, macho yaliyodidimia, usingizi usio wa kawaida, mkojo kukatika, homa kali, au akitapika kila anachokunywa.

SWALI: Chakula kisichonuka ni salama?

JIBU: Si lazima. Vijidudu vinavyochachusha chakula si vilevile vinavyowaletea watu ugonjwa. Na kopo lililovimba usilionje hata kidogo, litupe. Aliyekula chakula cha kopo akaanza kuona vitu viwiliviwili, kope zikalegea au ulimi ukawa mzito, awahishwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama hahari.