Mtajie Daktari Ule Unyayo

Juzi dada mmoja ameniandikia. Baba yake alikatwa kidole cha mguu mwaka 2021 kwa ajili ya melanoma, ile saratani ya ngozi, na sasa damu inashuka kila mwezi, anapewa vidonge vya kuongeza damu anarudishwa nyumbani. Nilisoma mara tatu nikaweka simu chini. Ni habari za mama yangu kabisa.

Mama alianza na doa jeusi unyayoni. Tulidhani mwiba wa shambani. Kwetu watu weusi saratani hii hupenda kujificha unyayoni, viganjani na chini ya kucha. Bob Marley naye ilimwanzia kidoleni mguuni, akafariki 1981 akiwa na miaka 36. Mama alifanyiwa upasuaji, akapona, faili tukaliweka kabatini.

Miaka minne baadaye akaanza kuchoka. Akipanda ngazi tatu za kibarazani, anashika ukuta. Wakatibu vidonda vya tumbo, wakatibu minyoo, wakampa vidonge vya madini ya chuma. Choo kilikuwa cheusi kama lami. Nikaambiwa ni vidonge. Kweli, vidonge hivyo hufanya choo kiwe cheusi. Lakini cha mama kilikuwa cheusi kabla hajameza hata kimoja, yaani damu ilikuwa ikivuja ndani. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsaidia chooni, na sikusema. Linaniuma mpaka leo.

Akamezeshwa mpira wa kamera, tumbo likaonekana safi, tukashangilia. Kumbe kamera ile huishia mwanzoni mwa utumbo mwembamba, na melanoma ikisambaa kwenye njia ya chakula, hukimbilia zaidi utumbo huohuo. Siku alipoanza kutapika mfululizo, CT scan, ile picha ya ndani ya mwili, ikaonyesha utumbo umeingia ndani ya utumbo, umevutwa na uvimbe. Daktari alipoufungua akauona mweusi. Hata majibu ya maabara hayajatoka, akaniuliza: "Mama aliwahi kuwa na tatizo la ngozi?"

Hakuna aliyekuwa ameuliza. Wala sisi hatukusema.

Ndugu zangu, semeni! Hata ikipita miaka kumi, kila daktari mpya atajiwe melanoma kabla ya kuandika dawa. Ulizeni kamera imefika wapi. Wakitoa kinyama, mwambieni mtu wa maabara atafute melanoma, maana ipo rangi maalumu ya kuitambua.

Dada, usingoje mwezi uishe. Kesho mpeleke mzee hospitali kubwa, na ile karatasi ya kidole ya 2021 uishike mkononi.