Yasmini wa Nyimbo na Yasmini wa Bustani

Yasmini, au Asumini kama wengi wa pwani wanavyopenda kutamka, ni jina la binti, ni ua, na ni fumbo ambalo washairi wa taarabu hulitumia kumsifu mpenzi bila kumtaja, hata msikilizaji asijue kama anayeimbwa ana miguu au ana mizizi. Anayetaka kulipanda nyumbani kwa kuvutwa na nyimbo hizo, ushauri wangu wa kwanza ni kwamba asinunue kwa jina peke yake, kwa kuwa vitaluni huuzwa mimea kadhaa inayoitwa yasmini ilhali si ya jamii hiyo. Mmoja wao, Cestrum nocturnum, hunukia sana usiku, lakini ni ndugu wa mnavu na una sumu. Siupendekezi kwa nyumba yenye watoto.

Ua linalotiwa katika vikuba vya Unguja, vile vishada vya maua ya kunukia ambavyo wanawake hujipambia, ni Jasminum sambac, lile lile lililotangazwa kuwa ua la taifa la Ufilipino mwaka 1934. Iko aina iitwayo 'Grand Duke of Tuscany', yenye petali zilizosongamana kama waridi dogo. Inapendeza macho, ila hukua polepole mno, nami naona 'Maid of Orleans', yenye petali chache, inamfaa zaidi anayeanza.

Katika bustani yangu, kilicholeta maua ni jua na mkasi kuliko mbolea. Mmea huu hutoa maua kwenye vitawi vipya, kwa hiyo kila mkupuo wa maua unapokwisha mimi hupunguza matawi bila huruma, jambo linalowashtua wageni wangu, kisha nangoja machipukizi. Uupatie jua la saa sita hivi kwa siku na udongo usiotuamisha maji. Mbolea yenye nitrojeni nyingi itakupa kichaka cha kijani kisicho na harufu yoyote. Vipande unavyokata usivitupe: vyenye urefu wa sentimita 10 hadi 15 huota mizizi vikiwekwa kivulini kwenye udongo wenye unyevu.

Kwa kikuba, chuma matumba alasiri, yakiwa meupe lakini hayajafunguka, uyafunge kwenye kitambaa kibichi mpaka utakapoyaunga na rehani na langilangi, kwani yatafunguka yenyewe usiku yakiwa nyweleni, na ukichuma asubuhi utapata maua yaliyokwisha kumaliza harufu.