Kamera ya mfukoni: usihesabu megapikseli

Dada, umesema unataka kamera ndogo ya kubeba kila siku hapa Kampala, ya kupiga picha za watoto jioni na pilikapilika za soko la Owino, na muuzaji anakusukumia moja kwa kuwa ina megapikseli nyingi, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha. Achana naye. Uliza ukubwa wa sensa, kile kipande kinachopokea mwanga. Sony RX100 ya kwanza, ya mwaka 2012, ina megapikseli 20 tu, lakini sensa yake ni ya aina iitwayo inchi 1, kubwa kwa kamera ya mfukoni, na lenzi hufunguka hadi f/1.8, yaani tundu pana la kuingiza mwanga mwingi. Umeme ukikatika mkabaki na taa ya sola, uso wa mtoto bado utaonekana bila chengachenga nyingi. Canon G7 X Mark II nayo nzuri, ila mkononi ni nzito kidogo.

Ukinunua iliyotumika, iwashe na kuizima mara kadhaa ukisikiliza lenzi. Ikikwaruza, irudishe. Kisha piga picha ya anga kwa f/11, yaani tundu la lenzi likiwa dogo, uikuze picha: madoa ya kijivu yanayobaki palepale kila picha ni vumbi juu ya sensa. Yangu niliiharibu mwenyewe, kuichomoa mfukoni juu ya boda kwenye barabara ya udongo mwekundu. Siku hizi inakaa kwenye kimfuko cha zipu.