Mafuta yangu niyaiteje?

SWALI

Shikamoo mama. Mimi ni msusi, nina saluni ndogo Ngamiani hapa Tanga, viti vitatu na drayer mbili. Kwa miaka minne nimekuwa nikiwapaka wateja mafuta ninayopika mwenyewe nyumbani: nazi za Pangani, mnyonyo kidogo, na maua ya asumini ninayoyaloweka humo usiku kucha. Wateja wakaanza kuomba niwauzie, nikawa nawajazia kwenye chupa za maji zilizokwisha kutumika. Siku hizi kwa wiki natoa chupa kama arobaini, na nyingine zinavuka kwenda Pemba.

Sasa nataka ziwe bidhaa kweli: mafuta, krimu ya kuacha kichwani, shampuu, na jeli ya kulaza nywele za mbele. Kijana mmoja wa stika ameshanichorea jina la Kiingereza la maneno matano, lina "Royal", lina "Queen", lina "Organic", na taji la dhahabu juu yake. Chini ameandika "huotesha nywele kwa siku 7". Anataka nilipie stika elfu moja Ijumaa hii. Dada yangu anasema niweke jina la saluni, ambalo ndilo jina langu mwenyewe. Mume wangu anasema nisihangaike, chema chajiuza. Nimechanganyikiwa. Nimsikilize nani, na je, kila bidhaa iwe na jina lake?

Msusi, Ngamiani, Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye zile chupa za Pemba. Mteja akiwa kwenye kiti chako hahitaji jina. Ananusa, anaona mkono wako, anasema "nipake yale yale". Chupa ikishavuka bahari, wewe hupo. Shoga yake ataishika, ataifungua, atauliza haya yanaitwaje, na neno atakalojibiwa hapo ndilo jina la mafuta yako, hata kama kwenye stika umeandika jingine.

Hili nimelijua kwa hasara. Nilipokuwa na saluni Magomeni, Dar es Salaam, mafuta yangu ya kwanza niliyapa jina refu la Kiingereza kwa herufi za kujikunja. Hakuna mteja aliyelitamka. Walisema "nipe yale ya kijani", kwa ajili ya kizibo. Mwaka wa pili nikavikosa vizibo vya kijani Kariakoo, nikachukua vyeupe. Wateja wa madukani wakawa wanayapita, wanajua ni mafuta mengine. Miezi mitatu niliuza kwa shida, mpaka niliporudisha kijani.

Kwa hiyo mumeo hajakosea sana. Chema chajiuza, ila kinajiuza kwa midomo ya watu, na mdomo unataka neno jepesi la kubeba.

Jina la kijana wa stika lijaribu hivi. Mpigie shangazi yako au jirani aliyeko Muheza, mtajie jina mara moja tu, mwambie akuandikie kwa meseji alivyosikia. Kisha chukua maandishi hayo hayo uyatafute Instagram, uone kama yatakufikisha kwenye ukurasa wako. Na sisi tunajijua, wapo wengi wetu ambao L na R kwenye ulimi zinabadilishana viti. "Royal" lina zote mbili. Halafu simama mbele ya rafu ya duka lolote la vipodozi uhesabu taji na malkia. Chupa yako itakuwa moja ya hizo, na haina sababu ya kuwa hivyo, kwa sababu hakuna hata mmoja kwenye rafu ile anayeloweka asumini usiku kucha.

Dada yako naye ana hoja, na ina historia kubwa. Sarah Breedlove, aliyezaliwa Louisiana, Marekani, mwaka 1867, alikuwa dobi kabla ya kuuza bidhaa za nywele kwa jina la ndoa yake, Madam C. J. Walker, na jina hilo likawa alama inayojulikana hadi leo. Lakini kabla ya hapo aliwahi kuwa wakala wa mwanamke mwingine, Annie Turnbo, ambaye baadaye aliitwa Malone. Yule hakutumia jina lake. Bidhaa zake aliziita Poro, neno fupi la silabi mbili, na mwaka 1906 akalisajili kwa sababu waigaji walikuwa wameshaanza. Wote wawili walifika mbali, na wote wawili walifika kwa kutumia wanawake wengine kuwauzia.

Hilo la mwisho ndilo ninalotaka ulishike. Wauzaji wako wakubwa watakuwa wasusi wenzako. Sasa niambie, msusi wa Chumbageni ataweka mbele ya kioo chake chupa yenye jina la saluni ya Ngamiani? Hataweka. Atakuwa anamtangazia mteja wake mahali pengine pa kwenda kusuka. Mafuta yako anaweza kuyapenda sana na bado asiyauze, kwa ajili ya jina tu. Jina la saluni liache mlangoni. Kwenye chupa litokee kwa herufi ndogo nyuma, pale panapoandikwa mtengenezaji na anwani yake, na hapo ni lazima liwepo.

Basi tutafute ndani ya lugha yetu wenyewe, ambayo kwa mambo ya kichwa cha mwanamke ni tajiri kuliko watu wanavyodhani. Tuna shungi, tuna songo, tuna shanuo, lile la mti la bibi lenye meno mapana. Tuna kilua, ua ambalo likipita mlangoni unajua limepita. Na kwa mafuta yako, neno lililonijia nikiwa bado nasoma barua ni kikuba. Kile kifungu cha asumini na rehani ambacho mama zetu wa pwani wanakibandika kichwani au kifuani wakienda harusini. Mwanamke wa Pemba akisikia "kikuba" harufu inamfikia kabla hujafungua chupa. Halina L, halina R, lina silabi tatu, na linasema kitu cha kweli kuhusu kilichomo ndani. Sikulazimishi. Pengine mwenzetu ameshaliwahi. Nakuonyesha aina ya neno la kutafuta. Na ukishapata lako, waulize Wadigo, Wasambaa na Wabondei walioko sokoni kama kwao lina maana nyingine, maana Tanga lugha zinakaa benchi moja.

Tahadhari nyingine kwenye kuchagua: usiite "Mafuta Asilia" wala "Nywele Ndefu". Maneno yanayoeleza tu bidhaa ilivyo ni ya kila mtu, na msajili hawezi kukupa wewe peke yako.

Na usajili, mwanangu, usiuache hadi baadaye. Nilipoanza, nilikuwa nimesajili jina la biashara, nina cheti, nimekitundika ukutani, nikaamini niko salama. Duka moja likatoa mafuta yenye jina langu la bidhaa, kizibo cha kijani, kila kitu. Nilipokwenda kuuliza ndipo nikaelezwa kwamba jina la biashara na alama ya biashara ni vitu viwili. Cheti changu kilinitambulisha mimi kama mfanyabiashara, hakikulinda neno lililoko kwenye chupa. Nililia, sikufichi. Kwa hiyo ingia kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, tafuta kwanza kama jina lipo, kisha omba alama ya biashara katika daraja la 3, ambalo ni la vipodozi. Ukitaka pia kulilinda jina kwa huduma ya ususi, hilo ni daraja la 44. Ombi likikubaliwa hutangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, na likipita alama ni yako kwa miaka 7, kisha unaihuisha kila miaka 10. Sasa zile chupa za Pemba: usajili wa BRELA unaishia Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria yao na wakala wao, BPRA. Wateja wako wanavuka maji tayari, kwa hiyo weka akiba ya ombi la pili.

Maneno "huotesha nywele kwa siku 7" yafute leo. Unywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, na hakuna mafuta yatakayoufanya ukimbie. Mteja atapima kwa jicho lake siku ya nane, na siku hiyo jina lako jipya litakuwa limeshaitwa uongo. Sema ambacho nazi inafanya kweli: inaingia ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha, kwa hiyo nywele hazikatiki ovyo. Hiyo ni habari nzuri ya kutosha. Wala usiandike kwamba yanatibu mba, maana ukisema unatibu umehama kwenye vipodozi na kuingia kwenye dawa, ambako ni TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, tangu 2019. Nenda ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, hapo mkoani wakuelekeze namna ya kuanza nao. Stika iwe na viambato, ujazo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, na namba ya toleo, ili chupa moja ikilalamikiwa ujue ilipikwa siku gani.

Chupa za maji zilizotumika ziache, tafadhali. Na maua yakauke kabla ya kuyaloweka, kwa sababu maji yaliyomo kwenye petali mbichi ndiyo yanayoharibu mafuta.

Kuhusu bidhaa nne: jina la ukoo liwe moja, na kila mtoto aitwe kwa kazi yake kwa Kiswahili cha kawaida. Mafuta ya utosini. Krimu ya kusukia. Kizibo cha kila moja kiwe na rangi yake, na rangi hiyo usiibadilishe. Ila anza na mafuta peke yake. Krimu, shampuu na jeli zina maji ndani, na penye maji pasipo kihifadhi cha kufaa panaota ukungu. Hizo zinataka kipimo cha maabara. Krimu moja ikinuka vibaya, mteja hatasema krimu imeharibika, atalitaja jina, na mafuta yatabeba aibu hiyo hiyo.

Jambo dogo ambalo wengi hawaambiwi: nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Tanga mjini hutaliona mara nyingi, lakini mteja akipeleka chupa Lushoto ataamka asubuhi aikute nyeupe kama mshumaa, adhani yameoza. Chukua chupa yenye mdomo mpana, na kwenye stika uandike: yakiganda, iweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu.

Kijana wa stika mwambie asubiri. Mpe kazi ya stika hamsini tu, za plastiki, siyo za karatasi, kwa sababu karatasi ikilowa mafuta wino unatoka na jina linatoka nalo. Zibandike kwenye chupa za wiki mbili, na usimtajie mteja yeyote jina hilo kwa mdomo wako. Kaa usikilize wakirudi wanaagiza nini. Wakisema "yale yenye asumini", jina halijashika, tafuta jingine. Wakilitaja wenyewe, nenda BRELA, halafu ndiyo ulipie hizo elfu moja.