Nyoka wa kufuga umshike mara ngapi kwa wiki?

Hili swali naulizwa sana na walioanza kufuga juzi juzi, na jibu langu ni mara mbili au tatu kwa wiki, dakika 10 mpaka 15 kila mara, inatosha kabisa. Najua wengi mnataka kumshika kila siku ndo azoee haraka, ila nyoka sio paka, hakumisi wala hasubiri urudi umbebe, anachojifunza ni kwamba wewe sio adui na sio chakula, basi, na hilo halihitaji kumshika shika kutwa nzima.

Halafu kuna siku hata hiyo ratiba unaitupa. Kubwa kuliko zote ni akishakula. Muache angalau masaa 48, na kama tumbo bado limetuna subiri zaidi, mimi wangu simgusi mpaka ule uvimbe uishe. Nyoka anategemea joto la nje ili chakula kisagike tumboni, sasa ukimtoa pale penye joto ukaanza kumgeuza geuza anaweza kutapika panya mzima mzima, na kutapika kwa nyoka sio mchezo jamani, asidi inaunguza koo, inabidi umpumzishe kama wiki mbili hivi ndo umpe tena na safari hii umpe mnyama mdogo kuliko aliozoea.

Akitaka kujivua gamba pia achana nae. Utaona macho yameingia ukungu wa bluu bluu, hapo haoni vizuri na anashtuka ovyo. Na kama ndo kaingia kwako leo wiki ya kwanza usimguse kabisa, mimi huwa nasubiri hadi ale mara mbili tatu bila kusumbua.

Kabla ya kumshika nawa mikono, maana mkono unaonuka panya unang'atwa, na hapo wala hana ubaya, kakosea tu. Mguse mgongoni na kijiti kwanza ajue sio muda wa kula, kisha mnyanyue kutokea ubavuni, usimshukie kwa juu, huko porini kinachomjia kwa juu ni mwewe. Mbebe mwili wote, usimkabe shingo wala kumning'iniza kwa mkia. Akikunja shingo umbo la S na kufoka, muache, kesho ipo.

Ila wale wanaosema usimshike kabisa siwaelewi, maana siku ya kusafisha tanki analoishi au kumpeleka kwa daktari wa mifugo utafanyaje na nyoka ambae hajawahi kuguswa? Na mimi nikimshika ndo napata nafasi ya kumkagua, kama kuna utitiri kwenye mikunjo ya magamba, kama ana kidonda tumboni, kama anatoa mapovu mdomoni, hiyo ya mapovu usiichukulie poa inaweza kuwa ugonjwa wa mapafu.

Ukimaliza nawa tena kwa sabuni, hawa wanabeba salmonela (bakteria wa kuharisha) hata wakionekana wazima kabisa, kwa hiyo watoto chini ya miaka 5 wasimshike. Na kama chatu wako kashapita mita 2 na nusu usimtoe ukiwa peke yako ndani, awepo mtu mzima mwingine, hata kama umemlea tangu yuko size ya kalamu.