Kabla hujapakia nguo kwenye lori la Kilwa

Mvua ikizidi huku kwetu Kusini, simu yangu hujaa swali moja: "Tumekusanya nguo, tuzilete wapi?" Wanaouliza ni watu wema, wengi wao watoto wa Lindi na Mtwara wanaoishi Dar es Salaam. Nami huwauliza: mmeshampigia mtendaji wa kijiji? Nguo ndizo hutangulia kufika, tena kwa wingi, na ndani yake utakuta suti na viatu vya visigino. Mtu aliyelala darasani na wanawe avae suti aende wapi?

Mafuriko ya Januari 2020 yalipovikumba vijiji vya Kilwa, nilikuwa kwenye kikundi kilichokuwa kikichangisha hapa Lindi mjini. Unga ulipatikana mapema. Lakini unga hauliwi mkavu: sufuria zimekwenda na maji, kuni zimelowa, kisima kimeingiwa na tope la vyooni. Akina mama, ukikaa nao pembeni bila wanaume, wanakutajia mambo mengine kabisa: khanga, pedi, sabuni, chandarua, ndoo yenye mfuniko. Ndoo msiidharau. Viwango vya kimataifa vya misaada vinataka angalau lita 15 za maji kwa mtu mmoja kwa siku, kwa hiyo familia ya watu sita inahitaji lita 90, yaani ndoo kubwa nne na nusu. Mkipeleka na vidonge vya klorini, waelezeni watu kwamba maji ya tope yanachujwa kwanza kwa kitambaa safi, ndipo dawa inatiwa na kusubiriwa nusu saa.

Jambo ninalolisema hadi watu wananichoka ni mbegu. Mafuriko ya Januari yanaondoka na mahindi na mpunga, ila hayaondoki na msimu wote. Ufuta bado unapandika mwezi wa pili, na katikati ya mwaka unakwenda mnadani. Ekari moja haihitaji zaidi ya kilo chache za mbegu. Ongeza jembe, panga na vipando vya mihogo, na familia hiyo itakuwa na chake kabla mwaka haujaisha. Mbegu hizohizo zikifika mwezi wa nne, wamepewa chakula cha kuku. Kwa hiyo mchango wa wiki ya kwanza ugawanyeni: nusu iende sasa, nusu ikae kwa mtunza hazina kwa ajili ya shamba. Mtalaumiwa kwamba mnakalia pesa za watu. Vumilieni, ila mahesabu yawe wazi.

Na kutuma pesa kwa simu? Mimi naipenda njia hiyo kama duka la karibu lina bidhaa, kwani mtu ananunua anachokijua na mwenye duka naye anainuka. Lakini Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoleta mvua zilizokata barabara ya Dar es Salaam pande za Somanga, malori yalilala njiani. Hali ikiwa hivyo, ukituma pesa kijijini unapandisha bei ya mchele uliobaki. Ulizeni habari za barabara kwanza.

Kuhusu orodha ya majina, ikiandikwa kwa mkuu wa kaya peke yake, mke wa pili mwenye nyumba yake hukosa, na wapangaji na vibarua wa mashambani hawamo kabisa. Isomwe kwa sauti mkutanoni. Kelele zitakuwepo, lakini ni nafuu kuliko manung'uniko ya miezi.

Upande wa Mtwara kuna suala la wageni kutoka ng'ambo ya mto Ruvuma, yaani Msumbiji. Hilo si geni kwetu: miaka ya 1960 wakimbizi wa vita vya ukombozi vya Msumbiji walipewa makazi na mashamba Rutamba, Lindi. Ghasia za Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, zilizoanza mwaka 2017 zimewakimbiza watu tena, na kwa kuwa Wamakonde wako kingo zote mbili za mto, anayevuka hutafuta kwanza mlango wa ndugu. Serikali ya kijiji ijue, hilo halina mjadala. Ila mnapogawa, mwandikeni na mwenyeji. Mchele wa mgeni unaingia chungu kimoja na wa mwenyeji, naye mwenyeji jina lake halipo kwenye karatasi yoyote. Mpeni mfuko wake, na ndoo ya pili.