Kupanda Kilimanjaro Ukitokea Visiwani: Panga Safari kwa Saa za Mlima

Mtu wa Unguja au Pemba anayejiandaa kupanda Kilimanjaro kwa mara ya kwanza huanza kwa kuuliza mwezi gani ni mzuri. Mwezi una maana yake, lakini wengi wanaofika kambini wamelowa na kutetemeka wamekwenda mwezi mzuri tu. Walichokosea ni saa ya kuondoka. Basi mwezi tuumalize upesi. Epuka masika, katikati ya Machi hadi Mei. Ukiweza, epuka na vuli, hasa Novemba. Januari, Februari, na Juni hadi Septemba mlima huwa mkavu zaidi.

Kwa watu wa visiwani kuna hesabu moja ya ziada. Juni hadi Septemba, ambapo mlima uko vizuri, ni miezi ya kusi, na ndipo bahari inapochafuka. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, boti inaweza isiondoke bandari ya Malindi, Unguja. Kwa hiyo vuka siku tatu kabla ya siku ya geti, yaani siku ya kuanza kupanda. Dar hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 500 na basi linakula siku nzima. Vitanda vya vibanda vya njia ya Marangu hupangwa kwa tarehe, na ukichelewa siku moja ratiba yote inavurugika.

Tunachukua mfano wa Marangu kwa sababu ndiyo njia yenye vibanda vya kulala, na kwa mgeni wa baridi kulala pakavu ni nusu ya safari.

Utabiri wa Moshi usiubebe mlimani kama ulivyo. Mji huo uko chini ya mita 1,000, na kibanda cha Kibo kiko mita 4,720. Joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Moshi ikiwa nyuzi 28 mchana, toa kama 23: Kibo utakuta nyuzi 5. Usiku Moshi ikishuka hadi 17, Kibo ni nyuzi 6 chini ya sifuri, na anga likiwa tupu hushuka zaidi. Hapo upepo bado hujauhesabu. Nyuzi 10 chini ya sifuri pamoja na upepo wa kilomita 30 kwa saa, mwili unazisikia kama 20 chini ya sifuri. Ndiyo maana ukisoma utabiri wa mlima, chagua ule unaotaja urefu kutoka usawa wa bahari, na safu ya upepo uiangalie kabla ya safu ya mvua.

Sasa saa zenyewe. Jua la asubuhi hupasha miteremko joto, na hewa yenye unyevu hupanda kutoka msituni. Kuanzia saa nne au saa tano ukungu unaanza kufunga, na saa saba au saa nane mvua inaweza kunyesha. Jioni hewa hupoa na kushuka, mawingu yanalala chini yako, anga linafunguka. Mzunguko huu haurudii kila siku sawasawa, lakini unatosha kupangia: kila siku ya kutembea iishe kabla ya saa saba mchana, isipokuwa siku ya kwanza, ambayo geti lenyewe linakula muda.

Siku hiyo ya kwanza ndiyo inayoharibika zaidi. Geti la Marangu liko karibu mita 1,900, na kujiandikisha, kupima mizigo na kusubiri wapagazi kunaweza kuchukua saa nzima au mbili. Ukitoka Moshi saa nne, utaanza kutembea mchana, ndani ya msitu ambao ndio ukanda wa mvua nyingi kuliko yote mlimani. Toka saa moja asubuhi. Kutoka getini hadi kibanda cha kwanza, Mandara, mita 2,720, ni saa tatu hadi nne.

Koti na suruali ya mvua vikae juu kabisa ya begi unalobeba mwenyewe. Mpagazi atakuwa mbele yako saa nzima, na mvua haimsubiri. Koti lipime nyumbani: mimina kikombe cha maji kwenye mshono wa bega, liache dakika kumi, kisha pitisha mkono ndani. Pakiwa na unyevu, tafuta jingine. Fulana za pamba ziache Unguja. Pamba ikilowa inakaa na maji na kunyonya joto la mwili. Chukua za poliesta au sufu, na kwenye mitumba zinapatikana. Begi la kulalia lifungwe kwenye mfuko usiopitisha maji.

Kibanda cha pili, Horombo, mita 3,720, lala usiku mbili. Siku ya katikati panda hadi karibu mita 4,000 asubuhi, urudi kula. Mwili uliozoea usawa wa bahari unaihitaji siku hii, na ratiba inayoifuta ili kupunguza gharama sisi hatuipendekezi kwa mtu yeyote wa pwani.

Kutoka Horombo kwenda Kibo kuna uwanda mtupu kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo, hauna mti wala pa kujificha. Ondoka saa mbili asubuhi. Ukiona umeme, hesabu sekunde hadi radi isikike. Zikiwa chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10. Weka chini fimbo za chuma, kaa mbali na jiwe lililosimama peke yake, mtawanyike, chuchumaa miguu ikiwa pamoja, na subiri nusu saa baada ya mngurumo wa mwisho.

Kwenda kileleni, watu huondoka Kibo karibu saa sita usiku. Changarawe iliyoganda inashika mguu vizuri kuliko iliyolegea mchana, na unapata muda wa kushuka kabla ya mawingu kupanda. Chupa za maji zigeuze kichwa chini, kwa kuwa barafu huanza kujifunga juu. Mrija wa kunywea huziba kwanza. Betri za taa na simu zikae mfuko wa ndani.

Saa ya kugeuka ikubalieni na kiongozi jioni, kichwa kikiwa bado kitulivu. Kwa mgeni tunaweka hivi: saa mbili asubuhi kama hujafika Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, unageuka, hata anga likiwa safi. Upepo ukikuyumbisha, au mwenzako akianza kupepesuka na kuongea ovyo, hamngoji saa hiyo. Mnashuka papo hapo. Kusubiri Kibo hali ya hewa itulie si mapumziko, kwani kwenye mita 4,720 mwili haupumziki vizuri hata ukiwa umelala. Shukeni Horombo. Na tiketi ya boti ya kurudi ikate ukishafika Dar.